Fahamu: Zawadi ya shindano la video hainunui wimbo

Kijana wa Mosocho, Kisii, akirekodi kwa simu video ya kushabikia wimbo wa obokano, ala ya nyuzi ya Wakisii, kisha ashinde pesa katika shindano, hakimiliki ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataka uhamisho wake uwe wa maandishi yenye saini ya mwenye haki. Kitita pekee, basi, hakimpi mwandalizi wa shindano umiliki wa video, wala shabiki umiliki wa wimbo. Ila ruhusa isiyo ya kipekee yaweza kutolewa hata kwa mdomo, kwa hiyo masharti ya shindano yasomwe kabla ya kupakia.

Wapo wanaosema shabiki humtangaza msanii bure. Huenda, lakini mdhamini wa shindano anayeuza sabuni kwa sauti ya wimbo huo anafanya biashara, na kibali cha kuutumia hutoka kwa mwenye haki za wimbo.