Mtoto wa Mfanyakazi Kortini, Naye ni Mgonjwa



Mwaka jana, saa ya kubadilisha zamu, mwanachama wetu mmoja wa Iyolwa alinivuta kando ya lango la kiwanda. Akaniambia, "Ndugu katibu, mtoto amekamatwa. Wanasema ni mwizi." Mtoto mwenyewe ana miaka 16. Jina lake siandiki, kwa kuwa sheria ya Uganda inakataza kutangaza jina la mtoto aliye kortini, na hata isingekataza nisingeliandika.

Mambo yalikuwa hivi. Kijana ana kifafa. Jioni moja alianguka mbele ya duka pale senta. Alipoinuka, fahamu zikiwa hazijamrudia sawasawa, aliuegemea mlango wa duka ukavunjika. Watu wakamkamata, naye akarusha mikono akampiga mwenye duka mdomoni. Wanaokijua kifafa wanajua kwamba mtu akitoka kuanguka huweza kukaa muda mrefu hajui alipo, na ukimshika kwa nguvu hupigana. Pale senta hakuna aliyejua. Wazazi walikuwa wameuficha ugonjwa, maana kwetu wengi bado wanaamini kifafa huambukiza kwa mate, na mtoto wa namna hiyo hutengewa sahani yake. Basi polisi wakaandika wizi na kupiga.

Alilala seli siku nne bila vidonge vyake, akaanguka tena mara mbili. Sheria ya Watoto, ambayo msingi wake ni ya mwaka 1996 na ikarekebishwa 2016, inasema mtoto asikae polisi zaidi ya saa 24 bila kufikishwa kortini, wala asichanganywe na watu wazima. Baba aliomba ruhusa kazini. Msimamizi wa zamu akamjibu kwamba hakuna mtu wa kushika nafasi yake. Mama akaenda peke yake, mikono mitupu, hajui aseme nini. Kisha kijana akapelekwa kwenye mahabusu ya watoto Mbale.

Mtu atauliza, kwa nini vijana wa namna hii ni wengi kwetu? Sababu moja ni mbu. Watafiti waliopima mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba mkazi wa Tororo huumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Malaria ikipanda kichwani, mtoto hupata degedege na kuzimia. Wengi hupona, lakini wengine hubaki na kifafa, au na akili nzito, au na hasira zisizo na breki. Mwaka 2008 madaktari waliowafuatilia watoto waliolazwa Mulago kwa malaria ya kichwa walieleza kwamba miaka miwili baadaye, mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri, kukumbuka au kutulia kwenye jambo. Kupuliza dawa majumbani kulianza Tororo mwishoni mwa 2014, na malaria ikashuka sana. Lakini kijana wa miaka 16 au 17 anayesimama mbele ya hakimu leo alizaliwa kabla ya hapo.

Hakimu si daktari. Anaona faili, na faili likisema wizi, anaona mwizi. Hata hivyo sheria imeacha mlango. Kabla ya kutoa amri juu ya mtoto aliyepatikana na kosa, korti inatakiwa kupata ripoti ya afisa wa probesheni na ustawi wa jamii inayoeleza nyumbani kwao mtoto, maisha yake na hali iliyoleta kosa. Hapo ndipo ugonjwa unapoandikwa. Maafisa hawa ni wachache na vijiji ni vingi, kwa hiyo usingoje aje kukutafuta. Chukua daftari la matibabu la mtoto, lile lile la shule tunaloandikiwa dawa, umpelekee siku ya kwanza. Mama yule alilifikisha wiki ya sita, baada ya kijana kuanguka mbele ya mlezi huko Mbale na mlezi kuuliza historia yake. Wiki sita kwa sababu ya daftari lililokuwa juu ya kabati!

Wengine hudhani mgonjwa wa akili au wa kifafa lazima apelekwe Butabika, hospitali iliyofunguliwa 1955 huko Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu. Si lazima. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha magonjwa ya akili, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inataka matibabu yafike hadi vituo vya afya vya chini. Na mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilikataa ule mtindo wa kumweka mgonjwa gerezani bila kikomo akingoja amri ya waziri.

Tena kesi kama hii ingeweza kuishia kijijini. Korti ya LC ina mamlaka juu ya mtoto aliyeiba kidogo, aliyepigana au aliyeharibu mali: kuomba radhi, kulipa, au kuwekwa chini ya uangalizi usiozidi miezi 6. Mwenye duka mwenyewe aliniambia baadaye, "Mzee, ningejua anaumwa ningedai bei ya mlango tu."

Wenzetu wa mashamba ya miwa ng'ambo ya Busia, kwenu Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Huku ni 12 tangu 1996. Watoto wetu huvuka mpaka kwa bodaboda kila siku, neno ambalo lilizaliwa hapo hapo mpakani, kwa hiyo jueni sheria za pande zote mbili.

Hakimu alimrudisha kijana nyumbani, mlango ukalipwa, naye huchukua vidonge kila mwezi katika kituo cha afya. Baba alikatwa mshahara wa siku tisa. Tawi letu limeomba katika mkataba wa pamoja kwamba mzazi anayeitwa na korti ya watoto apewe siku hiyo kwa malipo. Mwajiri amejibu kwamba siku ya korti si siku ya kazi. Tunarudi mezani mwezi ujao, na mwenye stakabadhi ya kukatwa mshahara kwa sababu hiyo ailete ofisini kabla ya hapo.