Ngozi ikiwasha chini ya mfuko, fungua utazame

IKIWA ulifanyiwa upasuaji na utumbo ukatolewa nje kupitia tundu la tumboni, huna haja ya kuelezwa mwasho ninaouzungumzia leo. Ni ule unaoanza polepole chini ya kibandiko cha mfuko, aghalabu ukiwa mahali usipoweza kujikuna: ndani ya matatu, kanisani, au kazini ukihudumia wateja.

Wengi huvumilia. Wengine hukuna juu ya mfuko, gundi ikaachia, kinyesi kikavuja, na tangu siku hiyo wakaogopa kutoka nyumbani. Ndiposa wiki hii nimeonelea tulizungumzie jambo hili waziwazi, ijapokuwa najua kuna watakaoona haya kulisoma mbele ya watu.

Tundu hilo madaktari huliita stoma. Katika hospitali zetu hutengenezewa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, walioumia tumboni katika ajali, wale ambao utumbo wao umetobolewa na homa ya matumbo, na hata watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa. Kwa baadhi yao ni la miezi michache. Kwa wengine ni la maisha.

Jambo la kwanza ninalotaka ufahamu, ndugu msomaji, ni kuwa ngozi iliyozunguka stoma inapaswa kufanana na ile ya upande wa pili wa tumbo. Si kweli kwamba mwasho ni sehemu ya kuishi na mfuko. Wekundu kidogo unaotoweka punde tu baada ya kubandua si neno. Ukibakia, kuna sababu.

Na sababu hiyo mara nyingi si gundi. Mgonjwa huja kliniki akaniambia, "Daktari, gundi hii imenikataa." Nikiutoa mfuko, naona wekundu umezunguka stoma tu, au umeshika njia moja kuelekea chini. Hiyo ni alama ya kinyesi kilichopenya chini ya kibandiko. Kinyesi kinachotoka utumbo mwembamba kina vimeng'enya vya kusaga chakula, navyo havibagui kati ya nyama uliyokula na ngozi yako mwenyewe.

Kwa hivyo, kabla ya kuutupa mfuko uliotoa, geuza kibandiko utazame nyuma yake. Ukiona gundi imelainika au imechafuka upande mmoja, hapo ndipo panapovuja.

Mara nyingi kosa huwa ni kipimo. Stoma huwa imevimba baada ya upasuaji, kisha hupungua katika majuma sita hadi manane ya kwanza. Mgonjwa aliyeonyeshwa siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani jinsi ya kukata tundu la kibandiko huendelea kukata ukubwa uleule, na ngozi iliyoachwa wazi inaoga kinyesi usiku na mchana. Pima upya. Tundu la kibandiko lizidi stoma kwa milimita mbili au tatu tu.

Wapo wanaowashwa kwa sababu nyingine. Ukiona vipele vyekundu vidogo kama mbegu za wimbi vimetawanyika kuzunguka sehemu nyekundu, huenda ni ukuvu. Huu hupenda joto na jasho, na huwasumbua zaidi wenye kisukari na waliotumia dawa za kuua bakteria karibuni. Wakazi wa Mombasa wanaujua vyema. Dawa yake ipo, lakini mwombe daktari ile ya unga, kwa kuwa malai yenye mafuta itazuia kibandiko kushika.

Wengine hunyoa nywele za tumboni kwa wembe mkavu kisha wakapata vijipu. Afadhali kuzipunguza kwa makasi. Na wapo wanaoung'oa mfuko kwa mkupuo mmoja, wakaondoka na tabaka la juu la ngozi. Tumia maji ya uvuguvugu, anzia juu, na huku mkono mmoja ukivuta kibandiko taratibu, ule mwingine uisukume ngozi chini.

Je, gundi yenyewe haina hatia kamwe? La, mzio wa gundi upo, na unaweza kuanza hata baada ya kutumia aina moja kwa miaka. Alama yake ni wekundu na mwasho wenye umbo la kibandiko kamili, kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Kata kipande kidogo cha kibandiko hicho, ukibandike kwenye ngozi nzima upande wa pili wa tumbo kwa saa 48. Ukiwashwa sana, kitoe mapema. Ngozi ikiwa nyekundu pale pia, badilisha aina, kwani viwanda havitumii mchanganyiko mmoja. Lakini uchunguze vilevile sabuni, vitambaa vyenye manukato na dawa ya kubandulia. Nimeona gundi ikilaumiwa mara nyingi kwa makosa ya sabuni.

Gundi hii, kwa kweli, ndiyo iliyowarejesha watu barabarani. Mnamo 1954, muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko wa plastiki wenye gundi kwa sababu dadake aliyewekewa stoma alikuwa akiogopa kutoka nje.

Wakati mzuri wa kubadilisha mfuko ni asubuhi kabla ya chai, stoma ikiwa imetulia. Osha ngozi kwa maji matupu, kausha kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha ushike kibandiko kati ya viganja kipate joto kabla ya kukibandika. Ngozi ikiwa imechubuka na inatoa majimaji, nyunyiza unga maalum wa stoma, upanguse unaobaki, ndipo ubandike. Poda ya watoto si badala yake.

Usipake jeli ya mafuta wala dawa ya kuua viini ya kuoshea sakafu. Mwalimu mmoja niliyemtibu alikuwa akijiosha kwa dawa ya namna hiyo mara tatu kwa siku, akidhani uchafu ndio unaomwasha. Tulimpa maji na kipimo kipya cha tundu, basi.

Na tafadhali usijinunulie malai ya steroidi kwenye duka la dawa. Hutuliza mwasho kwa siku chache, ila ikitumiwa ovyo ngozi hukonda na ukuvu hupata nafasi. Daktari akiona inahitajika, atakupa ya majimaji isiyo na mafuta, kwa muda mfupi.

Najua mifuko ni ghali, na wengi huongeza siku kwa kuzungushia plasta pembeni. Mfuko unaovuja ukizungushiwa plasta hauachi kuvuja. Unavujia ndani, juu ya ngozi. Mwasho ukianza, badilisha siku hiyo hiyo hata kama ratiba yako haijafika. Ikiwa kinachowasha ni plastiki ya mfuko kwenye jasho na si kibandiko, mwombe fundi wa nguo akushonee kifuko cha pamba cha kuuvalisha.

Usisubiri siku yako ya kliniki iwapo ngozi inatoa damu au usaha, au ukiona kidonda chenye kingo za zambarau kinachopanuka upesi. Nayo stoma yenyewe ikibadilika kutoka nyekundu kuwa nyeusi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.