Ghorofa Kariakoo: Mkandarasi mmoja sawa, lakini hesabu iwe na jicho la pili

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA mitaa ya Kongo, Mchikichi na Sikukuu huko Kariakoo, jijini Dar es Salaam, si rahisi tena kuiona nyumba ya Kiswahili ya zamani, ile yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Nyingi zimevunjwa, na mahali pake yamesimama maghorofa yenye maduka chini, stoo katikati na vyumba vya kupangisha juu.

Wengi wa wenye viwanja hivyo hawakuwa na fedha za kujenga. Walichokuwa nacho ni kiwanja cha urithi. Akaja mwenye fedha, wakaingia ubia, wakagawana ghorofa. Wengine walikopa benki au walikusanya mtaji wa duka wa miaka mingi.

Katika njia zote hizo, mara nyingi anajitokeza mtu mmoja mwenye maneno matamu: "Niachie kila kitu. Ramani nitachora mimi, kibali nitafuatilia mimi, kujenga nitajenga mimi. Wewe nipe fedha, nikupe ufunguo."

Utaratibu huo una jina katika fani ya ujenzi. Unaitwa sanifu na jenga. Anayesanifu jengo ndiye anayelijenga, kwa mkataba mmoja na bei moja. Si utapeli, na wala si jambo geni nchini. Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ambayo mkataba wake ulisainiwa Februari 2017, ilijengwa kwa utaratibu huo.

Tatizo ni pale mwenye kiwanja anapoingia humo bila kujua anauziwa nini na kwa hesabu ipi.

Njia mbili za kujenga

Utaratibu uliozoeleka hutenganisha kazi. Mwenye jengo humwajiri kwanza msanifu majengo na mhandisi, wakachora. Mkadiriaji majenzi hupima michoro hiyo na kuandaa mchanganuo wa gharama, yaani orodha ya kila kitu kitakachotumika na kiasi chake. Baada ya hapo makandarasi hushindanishwa kwa orodha moja, na msanifu na mhandisi hubaki kuwa macho ya mwenye jengo hadi mwisho.

Soko Kuu la Kariakoo lenyewe ni kazi ya msanifu mzalendo, Beda Amuli, na lilifunguliwa rasmi na Mwalimu Julius Nyerere Desemba 1975. Miavuli yake ya zege, inayokinga mvua na kuiteremsha chini, haikuwa kazi ya kubuni huku ukijenga. Ilibidi ichorwe na kupigiwa hesabu kwanza.

Sanifu na jenga huunganisha yote hayo. Faida zake ni za kweli. Kazi huanza mapema, kwa sababu msingi unaweza kuchimbwa wakati michoro ya juu inamaliziwa. Ikitokea kasoro, hakuna kurushiana mpira kati ya mchoraji na mjenzi. Wa kuulizwa ni mmoja. Na mwenye fedha anaijua bei mapema.

Hasara yake ni moja, lakini ni kubwa. Yule aliyekuwa jicho la mwenye jengo sasa analipwa na mkandarasi. Bei ikishafungwa, kila nondo isiyowekwa ni faida ya mjenzi.

Sema unachotaka, si ukubwa tu

Katika utaratibu huu, hati muhimu kuliko zote ni mahitaji ya mwenye jengo. Ukiandika "ghorofa nne zenye maduka na stoo" na kuishia hapo, umempa mkandarasi ruhusa ya kuchagua kilicho rahisi kwake.

Chukulia sakafu. Kwa viwango vya Kiingereza vilivyozoeleka kwa wahandisi wetu, sakafu ya ofisi husanifiwa ibebe takriban kilo 250 kwa kila mita moja ya mraba. Stoo ya bidhaa zilizopangwa hadi urefu wa mita 3 huhitaji sakafu ya kubeba kilo 700 hivi kwa eneo hilo hilo, karibu mara tatu.

Kwa Kariakoo hili si jambo dogo. Chumba kilichochorwa kuwa cha kulala hugeuzwa stoo ya vigae au marobota mara tu mpangaji anapopatikana. Kama unajua kuwa utapangisha stoo, andika stoo, na uweke uzito.

Mkulima wa Kilombero au Mbarali anayetaka ghala la mpunga afanye vivyo hivyo. Asiseme tu mita 10 kwa 20. Aseme magunia mangapi, yatapangwa hadi urefu gani, na kama lori litaingia ndani au litashushia nje.

Hesabu inavyopigwa

Mkadiriaji majenzi hakisii. Anapima. Tuchukue sakafu moja ya ghorofa yenye mita 10 kwa 15 na unene wa sentimita 15. Zidisha, utapata mita za ujazo 22.5 za zege. Kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, moja na nusu ya mchanga na tatu za kokoto, kila mita ya ujazo hula karibu mifuko 8 ya kilo 50. Sakafu hiyo inataka mifuko 180, kabla ya kuongeza kinachomwagika.

Sasa tuseme mjenzi amepunguza unene hadi sentimita 12.5. Kwa macho hutaona tofauti, lakini mifuko 30 imebaki mfukoni mwake. Akilegeza na mchanganyiko, akabakiza unene lakini akaweka mbili za mchanga na nne za kokoto, saruji inashuka hadi mifuko 146 hivi. Hapo hatujagusa nondo.

Nondo nazo zina kipimo kisichodanganya, nacho ni mzani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ya milimita 10 ni kilo 7.4, na ya milimita 16 ni kilo 19. Ukipima nondo uliyouziwa kama milimita 12 ukakuta kilo 8 na nusu, hiyo si milimita 12, hata kama muuzaji ameiandika hivyo kwenye risiti.

Mahali panaposahaulika

Wenye viwanja wengi hupiga hesabu ya tofali, saruji na bati, wakadhani wamemaliza. Kwa maghorofa ya katikati ya jiji, gharama zinazoangusha mradi ni zile zisizoonekana kwenye picha.

Kwanza ni ardhi. Kariakoo iko kwenye udongo wa kichanga, na maji ya chini hayako mbali. Anayetaka ghorofa la chini ya ardhi ahesabu pampu za kutoa maji usiku na mchana, kuta za kuzuia maji, na kuegemeza nyumba za jirani zisipasuke. Bila kupima udongo, bei yoyote ya msingi ni ya kubuni.

Pili ni umaliziaji. Boma likisimama watu hushangilia, lakini vigae, madirisha, umeme, mabomba, lifti na rangi mara nyingi hula fedha nyingi kiasi kile kile. Ndiyo maana yapo magofu yaliyoishia ghorofa ya tatu huku chuma kikichungulia juu.

Tatu ni kodi na ada: Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, vibali vya halmashauri, ada za wataalamu na bima. Uliza mapema kama bei uliyopewa imejumuisha kodi hiyo au la.

Nne ni usafiri na muda. Kokoto ngumu hutoka mbali, kama Lugoba, na lori lililokwama Msimbazi mchana ni gharama. Kadhalika pango unalolikosa wakati wa ujenzi. Wafanyabiashara waliohamishwa baada ya Soko Kuu kuungua Julai 10, 2021 wanajua kwamba kila mwezi unaoongezeka kwenye ujenzi una bei yake, hata kama haumo kwenye mkataba.

Mwisho ni dharura. Tenga asilimia 5 hadi 10 ya gharama yote na usiitaje kwa mkandarasi kama fedha ya kutumia.

Gharama nyingine haihesabiki

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Iliripotiwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Novemba 16, 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo kwenyewe likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha.

Kuongeza ghorofa juu ya msingi uliokwisha kukadiriwa, au kuchimba chini ya jengo linalotumika, si suala la kujadiliana bei. Ni usanifu mpya, hesabu mpya na kibali kipya.

Jikinge kabla ya kusaini

Unaweza kutumia sanifu na jenga na bado ukalala usingizi. Cha kwanza, hakikisha mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kwamba daraja lake linaruhusu kazi ya thamani hiyo. Madaraja ni saba, na kila moja lina ukomo wake. Msanifu na mkadiriaji wake wawe wamesajiliwa na bodi yao, na mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Cha pili, ajiri mtaalamu wako mwenyewe, hata mmoja, asiyelipwa na mkandarasi. Apitie michoro, apige hesabu yake na kuilinganisha na bei uliyopewa. Ikiwa bei iko chini sana ya hesabu yake, usifurahi. Uliza nini kimeachwa.

Cha tatu, lipa kwa hatua iliyopimwa, si kwa tarehe. Zege la kila ghorofa litolewe sampuli, zikapimwe maabara siku ya 7 na ya 28. Zuia asilimia 5 au 10 ya malipo hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe.

Cha nne, kwa walio kwenye ubia: andikeni nani anabeba gharama zikipanda, na nini kitatokea kazi ikisimama. Hati ya kiwanja isitoke mikononi mwa familia kirahisi. Sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, na warithi wote wajue kinachosainiwa.

Mtaalamu wa kujitegemea ana gharama, na wengi huanza kubana matumizi hapo. Kabla ya kumkata, rudi kwenye ile sakafu ya mita 10 kwa 15. Zidisha mifuko 30 kwa bei ya saruji ya leo, kisha kwa idadi ya ghorofa zako, halafu linganisha na ada anayoitaka.