Zibeni Nyufa za Madirisha, Msizibe Pumzi ya Nyumba

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya milima ya Umatengo haibishi hodi. Hupenya baina ya fremu ya dirisha na ukuta, ikawakuta watoto wamelala na wazee wakiamka kutawadha kwa sala ya Alfajiri. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma wilayani Mbinga zina fremu za mbao, na mbao iliyopachikwa kabla ya kukauka vyema husinyaa, ikaachana na lipu, na upepo ukapata njia.

Kuitambua njia hiyo ni jambo jepesi. Siku ya upepo, funga dirisha, ondoa pazia, kisha pitisha kijiti cha udi polepole kandokando ya fremu. Moshi ukiyumba, hapo pana ufa. Weka alama kwa chaki.

Ufa mpana ulio kati ya fremu na ukuta, kwangua vumbi na lipu iliyolegea, lowesha kwa maji, kisha jaza saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne, na uumwagilie siku kadhaa usipasuke. Ufa mwembamba hutosheka na silikoni. Mbao iliyopasuka, ijaze gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno. Mahali dirisha linapogotana na fremu hapajazwi kitu kigumu, lisije likakataa kufunguka. Pigilia kwa misumari midogo utepe uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli.

Nasaha iliyo kubwa kuliko zote ni hii: tundu za hewa zilizo juu ya dirisha zisizibwe, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kuota. Mkaa uwakao hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu; aliyelala huenda asiamke tena. Nyumba yenye nyufa haikuwa salama kwa jiko hilo, na iliyozibwa ni ya hatari zaidi. Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala. Blanketi la pili na soksi za watoto zichukue nafasi ya jiko.

Ndugu zetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, huko Mbamba Bay na Liuli, hawasumbuliwi sana na baridi, bali joto na mbu. Kwao pia ufa wa fremu uzibwe, kwa kuwa ni mlango wa mbu aenezaye malaria. Dirisha lenyewe na tundu za hewa viwekwe wavu, upepo wa ziwa upite.

Basi kabla kipupwe hakijakaza, baba na vijana watenge siku moja kwa kazi hii. Wakimaliza kwao, wamtazame na mjane wa jirani, ambaye huenda hana wa kumpandia ngazi.