Kitulo: Jinsi ya kuyatambua maua bila kuyang'oa

Na Mwandishi Wetu

MVUA za Novemba zinapoanza kunyesha Nyanda za Juu Kusini, uwanda wa Kitulo, ulio katika mikoa ya Njombe na Mbeya, hubadilika rangi. Hadi Aprili nyasi zake huwa zimepambwa kwa maua, na ndiyo maana wenyeji waliuita Bustani ya Mungu kabla Serikali haijaufanya hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Hifadhi hiyo, iliyopo takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo 45 za okidi zinazoota ardhini. Je, mgeni anayetembea kwa miguu atazitambuaje?

Kwanza, atazame umbo kabla ya rangi. Ua la okidi lina petali tatu, na moja kati ya hizo, iitwayo mdomo, haifanani na nyingine mbili.

Pili, ahesabu vijimkia vilivyo nyuma ya ua. Okidi za jamii ya Satyrium kwa kawaida huwa na viwili, ilhali za jamii ya Disa huwa na kimoja.

Tatu, asidhani kila ua la kuvutia ni okidi. Kniphofia, kwa mfano, husimama kama mwenge: vijiua vyembamba vilivyosongamana kwenye bua moja, vyekundu juu na vya njano chini.

Kujua majina hayo si anasa. Chini ya okidi nyingi za ardhini kuna viazi viwili: kimoja huulisha mmea mwaka huu, cha pili ni akiba ya mwaka ujao. Anayechimba huondoka na vyote. Kwa miaka mingi viazi hivyo vimechimbwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako husagwa na kuchanganywa na karanga kupata chakula kiitwacho chikanda.

Pengo hilo halizibwi kirahisi, kwa kuwa mbegu za okidi ni ndogo mithili ya vumbi, na porini haziwezi kuota bila msaada wa kuvu maalumu walio udongoni.

Hivyo, atakayeshindwa kulitambua ua alipige picha tatu: ya mbele, ya ubavuni inayoonyesha vijimkia, na ya majani. Hizo zinatosha kumuuliza mtaalamu, na ua litabaki kwa ajili ya mpita njia mwingine.