Mega zinaisha mbele ya ukurasa kufunguka: fundi wa saiti ana sehemu yake

Mkaaji wa Goma, Bukavu ao Butembo anayenunua mega za siku anaijua shida hii: anagusa anwani ya shule ao ya duka, kiduara kinazunguka, mega zinapunguka, na ukurasa bado mweupe. Watu hulaumu mtandao. Ni kweli, mtandao ni wa polepole, lakini kuna pia yule aliyetengeneza ukurasa mzito.

Kulingana na HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya saiti, mwaka 2024 ukurasa wa kati uliofunguliwa kwa simu ulipita megabaiti 2. Picha ndizo zilizobeba uzito mkubwa, zikifuatwa na JavaScript.

Picha ni kosa rahisi kusahihisha. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti 4, wakati simu nyingi za bei ndogo zina kioo cha pikseli 720. Msomaji analipia pikseli asizoziona! Ikipunguzwa upana na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, picha hiyo mara nyingi haipiti kilobaiti 100. Squoosh inafanya kazi hiyo bure, tena ndani ya mashine yenyewe, bila kutuma picha popote. Kisha fundi anaongeza neno loading="lazy" kwenye HTML, na picha za chini zinangoja mpaka msomaji azikaribie.

JavaScript ni jambo lingine. Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwaka 1995, na wanaoanza huikimbilia mbele ya kuzijua vizuri HTML na CSS. Matokeo yake, mtu anabeba maktaba nzima ya kode juu ya menyu moja tu, ambayo HTML ingeifungua yenyewe kwa alama ya details.

Namna ya kujipima ipo. Kwenye kompyuta, fundi anafungua Chrome, anabonyeza F12, anachagua mtandao wa polepole, kisha anangoja kama wateja wake wanavyongoja. Wengi hawajawahi kufanya hivyo.

Kwa kujifunza, waliosoma kwa Kifaransa wana MDN na OpenClassrooms. Hii ya pili ilizaliwa mwaka 1999 kwa jina Site du Zéro, kazi ya Mathieu Nebra aliyekuwa na miaka 13. Asiye na kompyuta anaweza kuandika kode kwa simu ya Android kupitia Acode.

Na asiye na mega ana Kiwix, programu ya bure inayofungua masomo bila intaneti, yakiwemo ya freeCodeCamp kwa Kiingereza. Mmoja anapakua faili penye Wi-Fi, wengine wanainakili kwa flash. Hata umeme ukikatika, simu yenye chaji inaendelea kufungua somo.