Rangi ya Chungwa Ndani ya Kiazi

Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, kinachojulikana Tanzania kwa jina la kiazi lishe, hakijitangazi kwa ganda. Ganda lake laweza kuwa jekundu au la kahawia, sawa na la kiazi cheupe kilicho kando yake. Tofauti huonekana kisu kinapopita: nyama hung'aa kama karoti, na pembeni, karibu na ganda, utomvu mweupe huchuruzika na kunata vidoleni. Rangi hiyo hutokana na beta-karotini, nayo ndiyo inayokitofautisha na viazi vitamu vingine.

Nchini Rwanda viazi vitamu huitwa ibijumba, na kwa muda mrefu vimehesabiwa chakula cha kijijini. Kigali mjini, katika mtaa wa Nyarutarama wenye uwanja wa gofu na majumba ya kifahari, heshima ya chakula cha afya huenda kirahisi zaidi kwa kitu kilichofungwa vizuri na kutoka mbali. Ilhali soko la Kimironko, lililomo katika wilaya hiyohiyo ya Gasabo, huuza mazao ya mashambani kila siku.

Mwilini, beta-karotini hugeuzwa kuwa vitamini A. Kwa hesabu ya wataalamu wa lishe, mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakulani hutoa mikrogramu 1 ya vitamini hiyo. Retina ya jicho huitumia kutengeneza kemikali inayonasa mwanga hafifu, na ndiyo maana mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kujikwaa jioni wakati wenzake bado wanacheza. Ngozi laini ya koo, mapafu na utumbo nayo huihitaji ili kuzuia vijidudu, hivyo upungufu hufanya surua na kuhara kuwa hatari zaidi. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2005, watoto wa shule walipewa gramu 125 za viazi hivi, vilivyochemshwa na kupondwa, kwa siku 53 za masomo. Akiba yao ya vitamini A iliboreka kuliko ya wenzao waliokula viazi vyeupe. Miaka miwili baadaye matokeo kutoka Zambezia, Msumbiji, yalionyesha kwamba hata nje ya shule, familia zikilima na kula viazi hivi, vitamini hiyo huongezeka katika damu ya watoto.

Jambo lingine la faida ni kwamba mwili hupunguza kasi ya kugeuza beta-karotini pale akiba inapotosha. Vidonge vya vitamini A vikizidi vyaweza kudhuru, hasa mimba changa; mlaji mkubwa wa viazi lishe ataona, pengine, viganja vyake vimegeuka manjano tu.

Lakini faida yaweza kupotelea jikoni. Beta-karotini huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo kiazi kikavu kisicho na kitoweo hakitoi vyote kilivyo navyo. Kipande cha parachichi, au isombe (kisamvu cha Kinyarwanda) iliyoungwa kwa karanga, hutosha kurekebisha hilo. Kuchemsha viazi sufuria ikiwa imefunikwa huhifadhi sehemu kubwa ya rangi. Kuvikata vipande na kuvianika juani huipunguza, kwa sababu mwanga na hewa ni adui zake. Kuchoma polepole huongeza utamu, maana joto la wastani hukipa kimeng'enya nafasi ya kugeuza wanga kuwa sukari. Mgonjwa wa kisukari basi anafaidika zaidi na cha kuchemsha, tena kwa kiasi.

Hapo kiazi hiki kinaachana na yakoni, mzizi wa milima ya Andes ambao nao husifiwa kwa afya. Yakoni, ndugu wa alizeti, haihifadhi wanga kwa wingi bali minyororo mifupi ya sukari ambayo kimeng'enya cha binadamu hakiwezi kuikata. Sukari hiyo hufika utumbo mpana ikiwa nzima na kuwa chakula cha bakteria wenye manufaa. Haishibishi sana, na ikizidi huleta gesi.

Kilichobaki ni ladha. Viazi vingi vya rangi ya chungwa vina maji mengi kuliko vyeupe. Watoto huvipenda, ila watu wazima wa ukanda huu wanataka kiazi kikavu chenye unga. Rwanda ilijaribu kupita njia ya biskuti. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilishirikiana na kiwanda cha Urwibutso cha Sina Gérard, kilichopo Nyirangarama (wilayani Rulindo, kwenye barabara ya Musanze), kiwanda ambacho wengi wanakijua kwa pilipili ya Akabanga. Zaidi ya thuluthi ya unga wa ngano iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na rojo la viazi vilivyopikwa, biskuti zikaitwa Akarabo. Rojo lilishinda unga wa viazi kwa sababu ya hesabu: kilo moja ya unga hula kilo nne hadi tano za viazi vibichi, na rangi nyingi hupotea katika kukausha.

Mkulima ana shida yake. Kiazi kitamu hupandwa kwa marando, na marando hukauka kiangazi kinaporefuka, mvua ikirudi hakuna cha kupanda. Dawa iliyoenea Afrika Mashariki ni kuchagua viazi vidogo visivyo na fukuzi, kuvifukia katika mchanga mkavu ndani ya nyumba, kisha kuvipanda na kuvimwagilia wiki sita hadi nane kabla ya mvua, ili marando mapya yawe tayari kukatwa.